Mama, unamwombea nani mkopo?

Leo sina habari za nani kahama chama wala nani katumbuliwa. Nina karatasi mbili tu ambazo kijana mmoja wa steshenari alinichapishia mwaka 2023, na mpaka leo zimo ndani ya daftari langu, zimeshaanza kuchanika kwenye mkunjo.

Ilikuwa msimu wa maombi ya vyuo. Ninyi mnaoshinda kafe mnaujua: foleni mpaka barazani, kila mtu na bahasha yake ya kaki, cheti cha kuzaliwa, picha za pasipoti, fomu inayotaka muhuri wa serikali ya mtaa, na mwenye kafe anapiga kelele "mtandao umekata, subirini!" Mimi nilikuwa nimetoka Ugalla usiku. Zamu yangu ilipofika yule kijana akaniamkia vizuri, shikamoo mama, akanivutia kiti, akauliza huku macho yake yako kwenye kioo cha kompyuta: "Mama, unamwombea nani mkopo? Wa kike au wa kiume?"

Nikamwambia, naomba mwenyewe mwanangu.

Akageuka. Na waliokuwa nyuma yangu nao wakanyamaza, si mnajua foleni ya kafe haina siri. Lakini kijana yule ana adabu, hakucheka. Akasema, "Basi mama, ngoja nikusomee mwongozo kwanza, usije ukachoma elfu thelathini yako ya maombi bure." Akasoma. Mwombaji asizidi umri wa miaka 35. Mwombaji awe amemaliza kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano iliyopita. Mwombaji asiwe na ajira au mkataba unaompa kipato. Wakati huo nilikuwa na miaka 39, na kidato cha sita nilikifanya mwaka 2011. Masharti mawili ya kwanza yamenikataa hata kabla hajameza mate. Nikamwambia basi nichapishie hizo kurasa mbili, nikalipa, nikatoka nje nikanunua muwa nikakaa kivulini.

Nijieleze kidogo mjue anayeongea ni nani. Mimi ni mtu wa Ugalla, kata iliyo Halmashauri ya Nsimbo, mkoa wa Katavi. Kwa asiyepajua, ukipanda treni Kaliua kuja Mpanda, ule mto mkubwa unaouvuka katikati ya pori ndio Mto Ugalla wenyewe. Reli ile wakoloni waliijenga kwa ajili ya madini ya risasi ya Mpanda, sio kwa ajili yetu, lakini madini yaliisha na sisi ndio tuliobaki nayo. Haipiti kila siku. Kwetu ni miombo, tumbaku, asali na mbung'o. Fomu foo nilimaliza 2002, nikapata divisheni three, na mwaka 2003 majina yakatoka nimepangiwa kidato cha tano mkoa wa mbali. Sikwenda. Nilikuwa na mimba. Hakuna mwalimu aliyenifukuza, maana shule nilikuwa nimeshamaliza. Nilijifukuza mwenyewe kimya kimya kwa kuhesabu miezi, na mwanangu akazaliwa mwaka huohuo.

Mwaka 2011 nikafanya kidato cha sita kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nilikuwa nasoma usiku baada ya kufunga duka, kwa desa za watu. Matokeo yakaja: E moja na S moja. E ni pointi 1, S ni nusu. Pointi moja na nusu jamani! Watu walicheka, mimi mwenyewe nilicheka ili nisilie, nikakifungia kile cheti kwenye sanduku la bati pamoja na vitenge, nikaendelea kununua asali na kuuza sukari.

Miaka 11 baadaye mwanangu yule wa 2003 naye akamaliza fomu siksi, Mei 2022. Alikuwa anapekua vyuo kwenye simu, akaniita. "Mama, ile moja na nusu yako unayo?" Kumbe kwenye vigezo vya Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kuna kozi ya msingi, wanaiita OFP, na mwenye pointi 1.5 kutoka masomo mawili ya kidato cha sita anaruhusiwa kuingia. Ukifaulu kwa GPA ya 3.0 unavuka kwenda shahada. Kile cheti nilichokuwa nimekifunika na vitenge ndicho hasa kilichotakiwa, wala hakikupungua wala hakikuzidi hata nukta. Nikaingia. Nikafaulu. Mwaka 2023 nikaanza mwaka wa kwanza wa sheria, na mwanangu akawa mwaka wa pili chuo kingine. Yaani kwa mambo ya chuo mwanangu ni kaka yangu. Ananitumia desa kwenye WhatsApp na kuniuliza "mama umepiga msuli leo?" kwa sauti ileile niliyokuwa nikimuulizia kama amefanya homuweki.

Mnaouliza kwa nini sheria, jibu ni fupi. Mwaka 2019 Pori la Akiba la Ugalla lilipandishwa hadhi likawa hifadhi ya taifa. Sehemu kubwa iko upande wa Tabora, lakini nasi wa Nsimbo linatugusa. Kwenye pori la akiba kulikuwa na msimu wa vibali, watu wanaingia kurina asali na kuvua samaki. Hifadhi ya taifa haina mambo hayo. Sisemi uamuzi ule ulikuwa mbaya, wanyama wale ni mali yetu pia na mto ule ukifa tumekufa wote. Nasema kwamba nilikaa kwenye kikao, kifungu cha sheria kikasomwa, tukatikisa vichwa wote ukumbi mzima, na njiani tukirudi nikagundua hakuna hata mmoja wetu aliyeelewa alichokubali. Pamoja na mimi mwenye cheti cha fomu siksi. Hiyo iliniuma kuliko ile moja na nusu.

Sasa kuhusu kuanza chuo ukiwa na miaka 39. Kitu cha kwanza kilichonishinda si masomo, ni salamu. Mhadhiri wangu mmoja ni mdogo kwangu kwa miaka kama tisa hivi. Siku ya kwanza ya ana kwa ana nikaingia, nikafungua mdomo niseme "shikamoo mwalimu" kama nilivyofundishwa, naye akawahi "shikamoo mama". Shikamoo mbili zikagongana mlangoni! Tukabaki tunatazamana. Mpaka leo tunamalizia na "habari za kazi", ndiyo suluhu tuliyoipata. Ndugu zangu vijana msicheke, mtu mzima darasani hajui akae wapi. Ukikaa mbele unaonekana una kiherehere, ukikaa nyuma hausikii, na macho nayo yameshaanza kuleta maneno.

Cha pili ni Kiingereza. Kiingereza changu nilikiacha kwenye chumba cha mtihani 2002, nikakirudia kidogo 2011, basi. Dukani kwetu tunauza kwa Kiswahili, msibani tunalia kwa Kiswahili na lugha zetu. Halafu unafungua kitabu cha sheria ya mikataba, sentensi moja ina mistari saba. Usiku wa kwanza nilisoma kurasa mbili kwa saa tatu, na kamusi. Wa pili nikasinzia mkaa ukazima nikalala na njaa. Kompyuta nilikuwa naigusa kwa kidole kimoja kama mtu anayekagua kama pasi imepata moto. Kuna kazi yangu moja niliichapa siku nzima, umeme ukakatika sijahifadhi, nikawa nimebaki na kichwa cha habari tu. Hayo yanapita. Ndani ya mwaka mmoja nilikuwa nachapa kwa vidole sita na nimeacha kutafsiri kila neno kichwani. Kumbe kuna kitu mtu mzima anacho: ukimwambia mkataba ni ahadi yenye kitu kinachobadilishana mikono, yeye ameshauza magunia, ameshadhulumiwa, anajua. Kijana anakariri kesi, mimi nakumbuka mtu na deni lake.

Haya, tuje kwenye zile karatasi mbili.

Wengi wa rika langu ukiwatajia mkopo wanalalamikia umri. Mimi nimekaa na zile karatasi, nikapiga hesabu, nikaona tunalalamikia kitu kisichotuumiza zaidi. Sharti la umri lina hoja yake hata kama siipendi. Bodi ya Mikopo imeanzishwa kwa sheria ya mwaka 2004, ikaanza kazi 2005, na huu ni mkopo, unarudishwa. Tangu marekebisho ya 2016 mnufaika anakatwa asilimia 15 ya mshahara. Bodi ina haki ya kuuliza, huyu mtu ana miaka mingapi ya kukatwa? Lakini tukichukua mtu wa miaka 36, asome miaka minne, anatoka na 40. Kustaafu kwa lazima serikalini ni miaka 60. Ana miaka 20 ya kukatwa, na mtu mwenye duka, nyumba na watoto hakimbii mji kama kijana asiye na anuani. Kwa hiyo 35 ni mstari tu, wangeweza kuweka 40 na hesabu ingebaki palepale. Ila naelewa kwamba mahali fulani lazima mstari uchorwe.

Kinachonishinda kuelewa ni ile miaka mitano tangu umalize kidato cha sita au stashahada. Huu haupimi umri wala uwezo wa kulipa. Mtu aliyemaliza fomu siksi akiwa na miaka 20 na leo ana 26, bado kijana kabisa, ana miaka zaidi ya 30 ya kufanya kazi, ameshapitwa. Kosa lake ni lipi? Alikaa. Na hapo ndipo ninapowaomba mtulie kidogo, maana swali ni NANI anakaa, na anakaa anafanya nini.

Nitawapa takwimu za mkoa wangu. Utafiti wa taifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2015-16 ulikuta asilimia 27 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 nchini wameshaanza kuzaa au wana mimba ya kwanza. Katavi ilikuwa asilimia 45, ya kwanza nchi nzima. Karibu nusu! Utafiti wa 2022 ulionyesha nchi imeshuka hadi asilimia 22, na Katavi imeshuka hadi 34, Songwe ikachukua kile kiti cha kwanza ambacho hakuna anayekitaka. Tunashukuru kwa kushuka. Lakini wale wa 2015 hawakufutika, wako hapa. Aliyekuwa na miaka 15 mwaka 2015 amezaliwa 2000, piga hesabu mwenyewe ana miaka mingapi unaposoma haya. Ndio hao wanaouza mboga soko la Mpanda, wanaosuka nywele, wanaokaa dukani kwa shemeji. Mtoto ameshaingia darasa la pili au la tatu, na sasa ndio anapata nafasi ya kuvuta pumzi na kusema, hivi mimi nilikuwa nataka kuwa nani?

Kwenye karatasi miaka mitano ni miaka mitano tu, haina jinsia. Mvulana akiikaa anaweza kuwa alikuwa anatafuta maisha Kahama. Msichana akiikaa, mara nyingi ni mimba moja, mtoto mmoja wa kunyonyesha, na mama mkwe mmoja wa kuridhisha. Ni miaka ileile, lakini mmoja alikuwa huru nusu yake na mwingine hakuwa huru hata wiki.

Na nchi hii ilishajifunza somo hili mara moja, halafu tukasahau. Vijana wengi hamjui kwamba kuna wakati Tanzania ilikuwa hairuhusu mtu kutoka fomu siksi kwenda chuo kikuu moja kwa moja. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa Musoma, ikatoka na Azimio la Musoma. Likasema msomi lazima apite JKT, afanye kazi angalau miaka miwili, mwajiri wake na tawi la TANU wamthibitishe, ndipo aende Mlimani. Yaani kinyume kabisa cha leo, walitaka WATU WAZIMA ndio waingie chuo. Wazo lenyewe nalipenda, nisiwafiche. Mwalimu Nyerere hakutaka chuo kitoe watoto wanaodhani nchi inawadai. Lakini kilichotokea ni kwamba wasichana walipungua Mlimani, walipungua sana. Haihitaji profesa kujua kwa nini: mpe binti wa miaka 20 muda wa kusubiri, dunia itampa ndoa na mtoto. Haikupita miaka mingi serikali ikawaruhusu wasichana waende moja kwa moja, na katika miaka ya 1980 utaratibu wenyewe ukaachwa.

Mnaona? Mwaka 1974 sheria ilisema subiri kwanza, wasichana wakapotea kwenye kusubiri. Leo sheria inasema usisubiri, na wasichana wanapotea kwa sababu walisubirishwa. Ukiandika sharti la miaka bila kuangalia miaka hiyo inaliwa na nini, utamkuta mtu yuleyule yuko nje ya mlango.

Kinachoshangaza zaidi, serikali hiyohiyo inatumia fedha kuwarudisha. Novemba 2021 ilitangaza kwamba wasichana waliokatisha masomo kwa ujauzito warudi shule za kawaida, ikifuta msimamo wa 2017. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, kupitia mradi wa SEQUIP, imesomesha wasichana sekondari kwa njia mbadala bila ada. Mwaka 2022 ada ya kidato cha tano na sita ikafutwa. Yote mazuri, nayapigia makofi kwa mikono yote miwili. Lakini mfuateni huyo binti. Ameachia kidato cha pili, anarudi akiwa na miaka 27. Anafanya mtihani wa maarifa, ule QT. Anafanya fomu foo. Anarisiti Hisabati, nani asiyerisiti Hisabati? Anafanya fomu siksi ya kujitegemea huku ana duka na mtoto. Akienda vizuri kabisa, bila kuugua, bila kufiwa, anafika mlango wa chuo na miaka 33 au 34. Mwaka mmoja wa sapu tu na umri umempita. Kwa hiyo anayemaliza mapema halafu akakaa, anakamatwa na rula ya miaka mitano. Aliyekatisha halafu akaanza upya, anakamatwa na rula ya 35. Tumemlipia nauli ya safari nzima halafu tukamshusha kituo kimoja kabla ya mwisho.

Najua mtakayosema kwenye maoni. "Mama, hela haitoshi hata kwa watoto wa fomu siksi waliofaulu, wewe na E yako unataka nini?" Ni kweli haitoshi. Bajeti ya mikopo ilikuwa zaidi ya shilingi bilioni 700 mwaka 2023/2024 na 2024/2025, na bado kila mwaka kuna watoto wenye sifa wanaolia. Mwanangu mwenyewe ni mnufaika, sina njaa ya kumnyang'anya. Siombi niwekwe mbele yake kwenye foleni. Naomba wenye umri wawe na foleni, hata kama ni ya nyuma, hata kama ni mkopo wa ada tu bila bumu. Mimi bumu la nini? Nakula kwangu. Na mtu wa aina yangu haji na gharama zilezile: hahitaji chumba bwenini, anasoma akiwa kwake. Kumwekea masharti ya mtoto wa miaka 19 ni kumshonea mzee sare ya chekechea.

Na wa tatu mtasema, umri huo usome wa nini? Hili sijibu sana. Jirani zetu Kenya walipofuta ada ya msingi mwaka 2003, mzee Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza kule Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84, akaingia kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness. Alifariki 2009. Dunia nzima ilimshangilia. Ila nilichogundua, mzee wa miaka 84 darasa la kwanza anashangiliwa kwa sababu hagombanii kitu na mtu. Mama wa miaka 39 anayetaka kiti cha chuo kikuu na ajira baadaye, huyo anatazamwa kama ameruka foleni.

Kuna na mlango wa kuingilia wenyewe, achana na fedha. Chuo Kikuu Huria kilianzishwa kwa sheria ya 1992 hasa kwa ajili ya watu kama sisi, wa mbali, wenye kazi, wenye watoto. Lakini kozi ya msingi, ambayo zamani ilipokea hata wenye fomu foo, sasa inataka zaidi: pointi 1.5 za fomu siksi, au stashahada yenye GPA ya 2.0, au cheti cha ngazi inayotambulika. Waliokaza walikuwa na sababu, kulikuwa na malalamiko mengi kuhusu ubora wa wanaoingia vyuo. Mimi nilipita kwenye tundu la sindano kwa nukta tano. Rafiki yangu niliyefanya naye mtihani 2011 alipata S mbili. Pointi moja. Ana akili kuliko mimi, nawaapia. Yuko nje.

Aliyebaki nje kabisa ni mtu kama baba yangu mdogo. Huyu ana darasa la saba. Ana mizinga zaidi ya sitini huko porini, ya magogo. Ya magome aliacha mwenyewe miaka mingi iliyopita, kabla hajaja afisa yeyote kumwambia, alipoona kila mti anaouchuna gome unakufa. Ukimpa asali aonje anakuambia ni ya maua ya mti gani na imerinwa mwezi gani. Sasa huku kwetu Katavi, Mpimbwe, Chuo Kikuu cha Sokoine kina kampasi ya Mizengo Pinda, na wanafundisha shahada ya usimamizi wa rasilimali za nyuki. Nilipomwambia alinyamaza sana, halafu akauliza, "Wanaofundisha wameng'atwa mara ngapi?" Nikamwambia baba mdogo, sio hivyo, unatakiwa vyeti. Akasema sawa, basi waje waniulize mimi.

Njia ya mtu kama yeye kwenye vitabu ni RPL, yaani kutambuliwa ulichojifunza nje ya darasa. TCU inaitambua kama njia mojawapo ya kuingia shahada ya kwanza. VETA nao wana urasimishaji wa ujuzi kwa mafundi waliojifunzia kazini, na nimeona fundi seremala na mpishi wakipata vyeti hivyo, ni jambo zuri. Baba mdogo hana nia ya shahada kwa umri wake, yeye anataka tu aonekane. Lakini ana binti, ameishia fomu foo, ana miaka 31 na watoto wawili, anafuga nyuki pamoja naye tangu ana miaka kumi na moja. Huyo ndiye anayenisumbua kila nikienda nyumbani. Ameniandikia maswali kwenye karatasi ya sukari, na la kwanza ni kama mtihani wa RPL unaulizwa kwa Kiingereza chote au kuna sehemu ya Kiswahili. Pili anauliza kama ukiwa na mtoto mchanga wanakuruhusu kuingia na mtu wa kumshika nje. La tatu ni nauli, hilo nitalijibu mwenyewe.

Kwa hiyo kama kuna mdau aliyewahi kukaa mtihani ule, hasa mwanamke, hasa wa mikoa yetu hii ya huku, aniandikie hapo chini alivyoulizwa. Nitachapisha nimpelekee, kwao mtandao hauingii mpaka upande kichuguu. Treni ni kesho alfajiri, na kijana wa steshenari ameshaanza kuzima mashine za upande ule.